Wageni Wakiondoka, Kibondo Hubaki na Nini?

Mkoa wa Kigoma ukitajwa kwenye mikutano ya utalii, mazungumzo huteremka moja kwa moja ziwani. Hutajwa Gombe, alikofika Jane Goodall Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Hutajwa Mahale. Hutajwa Ujiji, walikokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Nyanda za juu, yaani Kasulu na Kibondo pamoja na jirani zao Buhigwe na Kakonko, huonekana ni njia ya kupitia tu.

Sasa lami inapanda huko juu. Barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa kilomita 260 hivi, inayojengwa kwa fedha za Serikali na Benki ya Maendeleo ya Afrika, imewafanya watu wapige hesabu upya. Safari iliyokuwa ya kutwa nzima kwenye vumbi la kiangazi, au ya kulala njiani masika, inageuka kuwa ya saa chache. Kila palipo na hesabu mpya, utalii hautakosa kutajwa: Pori la Akiba la Moyowosi lifunguliwe, hoteli zijengwe, wawekezaji waitwe.

Mimi naunga mkono utalii uende Kasulu na Kibondo. Ninachokataa ni kuupanga kana kwamba wilaya hizi hazijawahi kuishi kwa fedha za wageni. Zimeishi hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, muda mrefu kuliko wilaya nyingi za Tanzania bara. Wageni wenyewe hawakubeba kamera. Walikuwa wafanyakazi wa mashirika ya kuhudumia wakimbizi, na nyuma yao wakimbizi wenyewe kwa mamia ya maelfu. Anayetaka kujua utalii utafanya nini Kibondo asianzie kwenye vitabu vya Ulaya. Aulize kambi zilipofunguliwa nini kilitokea, kisha aulize zilipofungwa nini kilibaki.

Kabla ya kufika huko, nieleze kwa nini naziweka wilaya hizi za milimani kwenye fungu moja na visiwa. Mwaka 1985 wasomi wawili wa New Zealand, Geoffrey Bertram na Ray Watters, waliandika kuhusu visiwa vidogo vya Pasifiki. Waligundua kwamba uchumi wake hauendeshwi na kile kisiwa kinachozalisha. Unaendeshwa na watu wanaohama, fedha wanazotuma nyumbani, misaada kutoka nje, na mishahara ya Serikali. Kisiwa kinaishi kwa kinachoingia, na kinachoingia kikikatika hakuna cha kukishika.

Mtu wa Uha, nchi ya Waha ambamo Kasulu na Kibondo zimo, akisoma maelezo hayo ataona anasimuliwa habari za kwao. Wakati wa ukoloni wa Kiingereza Uha ilifanywa kisima cha nguvukazi. Wanaume walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, na ofisi ya kuajiri wafanyakazi wa mkonge, SILABU, ikawa jina linalojulikana vijijini. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 lakini ilipita kusini, Uvinza, ikaziacha Kasulu na Kibondo mlimani. Kwa hiyo nguvu za watu zilitoka, fedha kidogo zikarudi, na baadaye ikaja misaada. Bahari haikuhitajika. Umbali na barabara mbovu vilitosha.

Sasa turudi kambini. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita. Kabla na baada ya hapo walikuja Warundi, kwa mawimbi: 1972, 1993, 2015. Kibondo ilikuwa na Nduta, Mtendeli, Kanembwa na Mkugwa, wakati Kakonko ikiwa bado sehemu yake. Nduta ilifungwa mwishoni mwa muongo wa 2000, ikafunguliwa tena Oktoba 2015, na kufikia 2017 ilikuwa na watu zaidi ya 100,000. Ukumbuke kwamba sensa ya 2012 iliikuta wilaya nzima ya Kibondo na watu wapatao 260,000. Hakuna hoteli ya Nungwi wala Diani iliyowahi kuiongezea wilaya yake watu kwa kiasi hicho, na kwa muda mfupi hivyo.

Uchumi ulibadilika kwa kasi ileile. Nyumba za vyumba vitatu zenye uzio na geti zilipanda kodi, kwa sababu mashirika yalizitaka ziwe ofisi na makazi ya wafanyakazi. Gesti zilichipua. Vijana waliomaliza kidato cha nne wakijua Kiswahili, Kiha na Kiingereza kidogo walipata kazi ya ukalimani na ulinzi. Mama lishe waliuza hadi usiku. Masoko ya pamoja, ambako mwenyeji na mkimbizi walibadilishana ndizi, maharage, mafuta na unga, yakawa makubwa kuliko minada ya kawaida.

Utafiti wa Jennifer Alix-Garcia na David Saah, uliochapishwa mwaka 2010, uliangalia bei za vyakula kaskazini-magharibi mwa Tanzania baada ya wakimbizi wa miaka ya 1990 kuingia. Waliona kwamba vyakula ambavyo havikuwemo kwenye mgao vilipanda bei sana, na vile vilivyogawiwa vilipanda kwa kiasi kidogo. Mkulima wa karibu na kambi alinufaika. Aliyeishi mjini na kununua kila kitu aliumia. Kila mpangaji wa utalii angeyabandika matokeo hayo ukutani, kwa sababu ndivyo mgeni mwenye fedha anavyofanya popote aendapo: anamwinua mwenye kitu cha kumuuzia na kumbana asiye nacho. Swali la kwanza la mpango wa utalii si watalii wangapi watakuja. Ni nani kati yetu ana kitu cha kumuuzia mtalii, na nani atalazimika kununua naye kwenye soko moja.

Kisha kambi zikaanza kufungwa. Mtabila, Kasulu, ilifungwa mwaka 2012. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021 na watu wake wakahamishiwa Nduta. Masoko ya pamoja nayo yalifungwa. Shirika likiondoka linauza samani, linarudisha funguo, na mwenye nyumba aliyekopa kujenga uzio anabaki na uzio wake. Nimewahi kupita mitaa ya Kibondo yenye majengo mazuri kupita biashara iliyopo, vibao vya mashirika vimefutika rangi, na gesti ya vyumba ishirini ina taa mbili zinazowaka usiku. Mwenye gesti hakukosea kujenga. Alijenga kwa mteja mmoja tu, naye mteja huyo hakuwa akiamuliwa Kibondo. Bajeti yake ilipangwa Geneva, Brussels na Washington.

Misitu ndiyo iliyolipa zaidi. Kuni za kupikia kwa mamia ya maelfu ya watu zilitoka kwenye miombo ya Makere na ya kandokando ya Nduta. Fedha za misaada zilikwisha, na miti haikurudi kwa kasi hiyo.

Zanzibar nayo imepitia pigo la kuondokewa na wageni, kwa njia yake. Mwaka 2019 visiwa vilipokea watalii wapatao 538,000. Mwaka 2020, korona ilipokuja, walishuka hadi 260,000 hivi, chini ya nusu. Utalii ndio unaoiletea Zanzibar sehemu kubwa kabisa ya fedha zake za kigeni, kwa hiyo kushuka huko kulimfikia hadi mvuvi wa Jambiani aliyezoea kuuza pweza hotelini. Watalii wamerudi, tena wengi kuliko mwanzo. Lakini kisiwa kilijifunza kwa maumivu kile ambacho Kibondo ilijifunza Mtendeli ilipofungwa, na sioni sababu ya Kibondo kulipia somo hilo mara ya pili.

Kuna jingine la Zanzibar linaloihusu Kasulu moja kwa moja, nalo ni maji. Shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa ripoti mwaka 2012 ikionyesha kwamba katika vijiji vya pwani ya Unguja mtalii mmoja hutumia maji mara 16 ya yale anayotumia mwenyeji. Hoteli zilichimba visima virefu, visima vya vijiji vikaingia chumvi. Kasulu haina bahari ya kuitia chumvi. Ina miteremko, chemchemi na vijito vinavyoelekea Malagarasi, na mji unaokua haraka kuliko mabomba yake. Hoteli ya vyumba hamsini yenye bustani ya kumwagilia ikijengwa juu ya chanzo cha maji, walio chini yake watajua kabla ya ofisi yoyote kujua.

Niongee juu ya mali yenyewe, maana watu wengi hawajui ukubwa wake. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi ndiyo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Ina kilomita za mraba 32,500, zaidi ya mara kumi na mbili ya Unguja na Pemba zikiunganishwa. Ndani yake mna mabwawa, mafunjo, maziwa ya Sagara na Nyamagoma, nyati, tembo, nzohe anayejificha kwenye matete, na korongo-nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye domo pana ambaye wapenzi wa ndege huvuka mabara ili wamwone. Uganda imemfanya ndege huyo kuwa biashara pale Mabamba, karibu na Entebbe: wavuvi wa zamani sasa wanawapeleka wageni kwa mitumbwi midogo. Sisi tunaye, lakini anayemwona leo Moyowosi, pori lililomo ndani ya ardhioevu hiyo, ni mtafiti, askari wa wanyamapori au mteja wa uwindaji.

Uwindaji wa kitalii unastahili kutazamwa kwa haki. Wageni ni wachache, wanalipa fedha nyingi, hawahitaji hoteli kubwa, na pori linabaki pori. Kwa vipimo vya mazingira peke yake, ni vigumu kuubeza. Sehemu ya ada hurudi kwenye halmashauri. Lakini wawindaji wengi hutua kwa ndege ndogo ndani ya pori na kuondoka hivyohivyo, na kwa mfanyabiashara wa Kibondo ni kama hawakuja. Kijiji kinachopakana na pori kinakutana na uhifadhi katika sura moja tu, ya askari anayekamata ng'ombe au anayemzuia mtu kuweka mizinga. Watu hawawezi kulipenda pori wasilopata ndani yake hata asali.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba upweke wa Moyowosi haukushushwa na Mungu kama ulivyo. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa Uha kwenye makazi maalumu kwa sababu ya malale, na nchi waliyoiacha ikajaa ndorobo na wanyama. Ikaja Operesheni Kigoma mwaka 1972, watu wakahamishiwa vijijini. Ndipo mipaka ya mapori ya akiba ikachorwa juu ya ardhi iliyokwisha kuondolewa watu. Mwaka 2017, baada ya migogoro mingi ya ardhi huko Kagera Nkanda, Serikali iliwamegea wananchi wa Kasulu sehemu ya msitu wa Makere Kusini. Mpango wowote wa utalii utakaochora mistari mipya kabla ya kumaliza maumivu ya mistari ya zamani utazaliwa na kesi.

Ndiyo maana naiweka ardhi mbele ya hoteli. Zanzibar ardhi ni ya umma, na wanakijiji wengi wa ufukweni walilipwa fidia ya minazi na mazao, kisha wakatazama eneo likikodishwa kwa miaka mingi. Tanzania bara tuna chombo bora zaidi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inakiruhusu kupanga wapi pa kulima, pa kuchunga, pa msitu na pa wageni. Kijiji chenye mpango uliopitishwa kinaweza kuingia ubia na mwekezaji kwa ardhi ikiwa mtaji wake. Kisicho na mpango kinauza eka mojamoja kwa mtu wa mjini aliyekuja na bahasha, na baada ya miaka mitano kinaomba kazi ya ulinzi kwenye shamba lililokuwa lake. Mnunuzi huyo haji baada ya lami. Huja greda linapopita.

Baada ya ardhi, ninachoumizwa nacho ni meza ya chai. Kaa kwenye gesti yoyote nzuri ya Kibondo au Kasulu asubuhi, utazame kilicholetwa. Kahawa ni ya kopo, ilhali mibuni ipo Manyovu na Kalinzi, mkoani humohumo. Jamu imetoka nje ya nchi, ilhali Kibondo ni nchi ya asali. Wabelgiji waliendesha mradi mzima wa ufugaji nyuki mkoani Kigoma, na mizinga imetapakaa kwenye miombo. Siagi ni ya kopo, maziwa ni ya unga. Juisi ni ya boksi hata msimu wa maembe na mananasi. Mgeni amelipia chai, na sehemu kubwa ya fedha hiyo imepanda basi kurudi Dar es Salaam kabla hajamaliza kula. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi; mwenye nazi hajapata kufurahia.

Dawa haihitaji fedha za wafadhili. Inahitaji asali iliyochujwa, ikafungwa kwenye chupa safi yenye nembo ya viwango, ikapatikana Januari na Agosti kwa bei inayojulikana. Mwenye gesti haachi asali kwa kuichukia. Anaiacha kwa sababu leo ipo kwenye dumu la mafuta, kesho haipo. Chama cha ushirika kikiahidi gesti kumi chupa za kutosha kila mwezi na kutimiza ahadi, hapo ndipo utalii wa Kibondo umeanza, hata kabla ya Mzungu wa kwanza. Halmashauri inaweza kusukuma jambo hilo kwa njia rahisi: mikutano, semina na ugeni wote unaolipwa na fedha za umma uandaliwe kwa vyakula vya wilaya.

Hapo ndipo tunapomfikia mgeni anayesahaulika. Vitanda vingi vya Kasulu halali mtalii. Hulala mfanyabiashara wa mazao, mwalimu aliyefuata barua ya uhamisho, familia iliyokuja harusini, Mrundi aliyefuata mzigo. Mpango wa utalii unaoanza kwa kuwadharau hawa ili kumsubiri mwenye pasipoti nyekundu utarudia kosa la kujenga kwa mteja mmoja. Na kuna kundi lingine ninaloliamini sana: watoto na wajukuu wa wale manamba. Wapo Tanga, Morogoro, Dar es Salaam, wengine hawajawahi kuiona Uha. Wakija watataka kuona Heru, alikotawala Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeongoza Waha kipindi ambacho machifu wanawake walihesabika kwa vidole. Watataka kusikia ngoma na kusimuliwa falme za Muhambwe na Buyungu. Mgeni wa namna hiyo hatishwi na habari za mlipuko wa ugonjwa katika magazeti ya Ulaya, na shangazi yake haishi Geneva.

Kwa mtalii wa mbali, mfano wangu uko Zanzibar, kisiwa kidogo cha Chumbe. Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1991 na hifadhi ikatangazwa 1994. Ina vibanda saba tu. Maji ni ya mvua inayovunwa mapaani, vyoo havitumii maji, umeme ni wa jua, waongozaji ni wavuvi waliofunzwa, na watoto wa shule huletwa kujifunza. Bei iko juu, wageni wachache, na matumbawe yamebaki hai. Kambi mbili tatu za namna hiyo pembezoni mwa Malagarasi, zinazomilikiwa kwa ubia na vijiji, na mitumbwi ya wavuvi kama ya Mabamba, zingeleta kipato cha heshima bila kulikausha bwawa. Mafuriko ya masika yatazifunga kwa miezi kadhaa kila mwaka, na hilo lazima liandikwe kwenye hesabu tangu mwanzo: anayefanya kazi kambini miezi saba awe na shamba au mizinga ya miezi mitano. Sioni aibu katika hilo. Mwenye njia mbili za kipato ndiye aliyesalimika Mtabila ilipofungwa.

Najua kishawishi cha mradi mkubwa. Kiongozi anapenda kukata utepe wa hoteli ya ghorofa, na mwekezaji wa hoteli ya ghorofa anapenda msamaha wa kodi. Kwa maoni yangu, Kasulu na Kibondo hazina haja ya hoteli hiyo kwa miaka kumi ijayo. Zina haja ya vyumba vilivyopo vijae, vikiwa na shuka safi, maji ya uhakika na asali mezani.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai mosi, na mabaraza ya madiwani hupitisha bajeti miezi kadhaa kabla. Diwani wa Kasulu au Kibondo anayesoma safu hii, nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: simama kikaoni, udai fungu la kupima ardhi na kuandaa mipango ya matumizi katika vijiji vyote vinavyopitiwa na barabara ya Manyovu na vinavyopakana na Moyowosi. Usikubali liahirishwe hadi mwaka unaofuata, kwa sababu wanunuzi hawataahirisha.